Usichague

Ameniandikia fundi wa msaada, mtu nisiyemjua,
wa mji ambao sasa hivi kwao ni usiku wa manane:
Kabla hatujaanza kukisia, kusanya kila kitu.
Toleo la programu. Nafasi iliyobaki kwenye diski.
Saa ya mashine, si ya ukutani.
Kumbukumbu za siku kumi na nne, zote, usichague.
Zifunge faili moja, unitumie.

Usichague. Neno hilo limenikaa.

Basi nimevuta kiti, ofisi ya maji, Langoni,
chumba cha chini ambacho ukuta wake hutoka chumvi
kama paji la mtu aliyepanda ngazi na debe.
Seva tumeiinua juu ya matofali mawili
tangu bamvua la mwaka juzi lilipoingia bila hodi.
Ndani yake mna mita elfu tatu na mia mbili,
madeni ya Mkomani, ya Gadeni, ya Wiyoni,
uniti sita za Bi Mwanashee, anazozipinga kila mwezi
kwa kauli na kwa bakora.
Na nakala ya hayo yote haijaenda popote
siku ya kumi na moja leo.

Nabofya "Kusanya".
Mstari wa kijani unatambaa. Mashine inajipekua
mifukoni, kwapani, hadi chini ya ulimi:
joto lake, umri wake,
jina aliloipa Shekuwe kabla ya kustaafu: Zabibu.
Saa yake iko nyuma dakika tisa.
Miaka yote hii tumewatoza watu faini ya kuchelewa
kwa saa inayochelewa yenyewe.

Fundi hakuniambia nisome. Nimesoma.

Jumanne, 02:00, kazi imeanza. 02:41, imekamilika.
Jumatano, umeme umekatika 02:17, umerudi 02:19,
ikaendelea palepale, kama msomaji aliyekohoa.
Alhamisi, imekamilika.
Alhamisi, 20:52, diski ya nje imeondolewa.

Haisemi na nani.
Chini yake mstari mmoja, usiku baada ya usiku:
diski haikupatikana
diski haikupatikana

Mimi namjua.
Jioni ile nilibaki kufunga hesabu za mwezi,
simu ina asilimia mbili, soketi nzima ni moja,
na mama, kule Faza, ametuma sauti tatu
sijafungua hata moja.
Nikachomoa waya mweusi, nikachomeka chaja,
nikakaa sakafuni kwa ufupi wa waya, nikasikiliza.
Ya kwanza, jogoo, kisha kikohozi.
Ya pili, bei ya nazi.
Ya tatu: Ukipata nafasi uye, mwanangu. Si haraka.
Nikazima taa nikaenda kuulizia boti ya asubuhi.

Niliporudi, siku ya nne, daftari la zamu lilinisubiri.
Nakala imehakikiwa? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kalamu moja, mkupuo mmoja.
Waya mweusi ulikuwa umelala nyuma ya matofali.
Sikuinama.

Ningeweza kuuchomeka sasa
na kuandika: imepona yenyewe, ahsante.
Programu haina safu ya "kwa nini".
Faili imeshafungwa, megabaiti arubaini na saba,
imebaki sehemu moja tupu:
Eleza tatizo kwa maneno yako.

Waya niliuchomoa mimi.
Nikaandika na habari ya mama, nikaifuta,
nikairudisha nusu.

Jibu limekuja kabla ya adhuhuri:
Uchomeke. Rekebisha na saa. Tufunge tiketi?

Bado sijamjibu.
Usiku huu, saa nane, kazi itaanza tena,
na nimeiongezea folda moja ndogo,
sauti tatu, sekunde hamsini na nane,
katikati ya madeni ya maji.
Bi Mwanashee akipata habari
atasema ndizo zile uniti zake sita.